Protini kiasi gani kwa siku, na mkojo wa povu unaashiria nini?

Swali: Assalamu aleikum daktari. Nina miaka 26, kilo 70, nanyanyua vyuma hapa Malindi. Wenzangu wa jimu wamenishauri nile mayai manane kwa siku na poda ya protini vijiko viwili vya mkebe, mbali na samaki mchana na usiku. Siku hizi mkojo wangu una povu. Baba ana sukari. Je, nimezidisha?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umezidisha, naam. Lakini povu hilo lina hesabu yake mbali.

Mtu mzima hutosheka na takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwako ni 56. Wa vyuma huhitaji zaidi, ila ukishapita kama gramu 1.6 kwa kilo, yaani 112, misuli haiongezi faida ya maana. Sasa tuhesabu sahani yako. Yai lina gramu 6, manane ni 48. Poda, tuseme kijiko kina 24 (soma mkebe), ni 48 nyingine. Robo kilo ya minofu ya nguru ina kama 50. Ukila mchana na usiku, 100. Tumefika 196, na mbaazi za nazi ulizolia mahamri asubuhi sijazigusa! Acha poda yote, bakisha mayai matatu, na bado umevuka 112. Kununua mkebe wa bei ile katika mji wa wavuvi, mimi naona ni kutupa pesa.

Mwili hauna ghala la protini. Ini huondoa naitrojeni ya ziada na kuifanya yurea, figo zikaitoa kwa mkojo. Kinachobaki huchomwa au huwa mafuta, maana kila gramu ina kalori 4. Choo kigumu nacho huja pale mayai yanapofukuza mboga na matunda sahanini. Mwenye jongo ajihadhari na maini na dagaa.

Tuje kwenye povu. Protini unayokula haipiti moja kwa moja hadi kwenye mkojo. Ikionekana humo, huenda vichujio vya figo vinavuja, na sababu kubwa za hilo ni sukari na presha. Figo nzima huvumilia mlo kama wako. Iliyokwisha kuumia, protini nyingi huizidishia mzigo. Povu laweza pia kutokana na kasi ya mkojo, au mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji katika joto letu hili. Kwa macho hutajua.

Kwa hivyo kapime albumini ya mkojo (ndiyo protini inayovuja figo zikiumia), sukari, presha, na kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huitoa). Poda iache kwanza. Siku moja kabla usinyanyue vyuma, kwani mazoezi makali huweza kutoa protini kwenye mkojo kwa muda. Mwambie anayekupima kuwa una misuli na unakula samaki na nyama kwa wingi: vyote viwili hupandisha kreatinini hata figo zikiwa salama, na wapo waliotishwa bure kwa sababu hiyo. Albumini ikionekana, kipimo kirudiwe kabla hujaitwa mgonjwa. Ikithibitika, kiasi chako cha protini atakipanga daktari wa figo, na mara nyingi hukurudisha karibu na ile 0.8.