Pikapu mpya za gitaa zikiwashwa pamoja, besi inapotea

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini pikapu mpya za gitaa lako (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) zinapoteza besi zikiwashwa pamoja. Kama kila pikapu peke yake inalia vizuri ila zikiwa mbili sauti inakuwa nyembamba, hazijaharibika. Mawimbi yake yanapingana. Geuza nyaya za pikapu moja tu: waya wa sauti uende ethi (ardhi ya umeme), waya wa ethi uende kwenye swichi. Ila kama kava la chuma la pikapu hiyo limeungwa na huo wa ethi, litenganishe kwanza upate waya wake peke yake, la sivyo litavuma ukiligusa.

Rangi usizifuate kwa mazoea. Kwa pikapu za nyaya nne, zile za kampuni ya Seymour Duncan waya wa sauti ni mweusi, za DiMarzio ni mwekundu.

Fundi redio yeyote pale Mwanga, Kigoma mjini, atakulehemia, mradi asikalishe pasi ya kulehemu muda mrefu mgongoni mwa kitufe cha volyumu, inaungua ndani.