Mkuu wa rauta sita, usiwashe otomatiki kabla hujaifungia dari (kikomo cha juu cha nguvu)

Ngoja kwanza. Uliposema kuhusu rauta zako za waifai, "naiacha nguvu ya kutuma ijirekebishe yenyewe, kisha nalala", tumbo limeniunguruma. Na mimi nililala hivyo hivyo. Niliamshwa saa saba usiku na simu ya mwenye jengo.

Gesti ya ghorofa tatu, rauta sita kama zako. Muuzaji aliniapia, "Hizi zina akili, zinasikilizana zenyewe." Akili! Breka ya ghorofa ya pili ikaruka, rauta mbili zikazima. Nne zilizobaki zikaona pengo, zikapanda mpaka 30 dBm (kipimo cha nguvu ya redio; hiyo ni wati nzima) kuliziba. Kupanda zilipanda dakika ile ile. Kushuka zikasubiri kujipima tena alfajiri. Umeme ukarudi, lakini simu za wageni zilikuwa zimeshang'ang'ania rauta ya chini kabisa. Mistari ya waifai kwenye simu karibu yote imejaa, WhatsApp inazunguka tu. Fundi mkubwa mimi nikafanyaje? Nikazigongomelea zote kwenye 30 hiyo hiyo, halafu nikanunua mbili zaidi. Laki sita na nusu, hela ya ada, nikanunulia kelele. Mpaka leo waifai ya nyumbani ikisuasua, mke wangu anauliza kama twende dukani tukaongeze.

Muuzaji nilipomrudia, ananiambia ninunue antena ndefu. Nilimwitikia salamu tu, nikaondoka kabla sijavunja kitu.

Nilikuja kuelewa siku nilipoacha kutazama mistari ya simu nikafungua orodha ya wateja (simu zilizounganishwa) ndani ya rauta. Simu inaisikia rauta kwa -66 dBm, rauta inaisikia simu kwa -81, yaani hafifu zaidi. Rauta inatuma wati nzima, simu nyingi zinatuma kama miliwati 30. Wewe una kipaza sauti cha mnadani, mwenzako anakujibu kwa kunong'ona. Mnara wa 3G huiamuru simu ipandishe au ishushe nguvu mara 1500 kwa sekunde. Waifai ya gesti haina msimamizi wa namna hiyo.

Kwa hiyo FUNGA DARI. Mimi nimeweka 17 dBm juu, 11 chini, otomatiki icheze humo humo. Kisha zima rauta moja makusudi mchana, uone wenzake wanafanya nini, uiwashe tena, uhesabu dakika mpaka washuke.

Uliuliza na chaneli, eeh? Kwa masafa ya 2.4 GHz weka 1, 6, 11. Dari umeshafunga?