Gurudumu tena? Wadogo zangu wa mdahalo, hebu tuongee

Jumamosi iliyopita niliitwa kuwa jaji. Mada ni ileile tuliyoikuta sisi: kila timu ije na chombo ilichoona kimebadilisha maisha ya binadamu kuliko vyote, ikitetee. Msemaji wa kwanza akasimama, akakohoa, akasema, "Bila gurudumu tusingekuwa hapa." Nikafumba macho. Hotuba hiyo ni yangu. Niliitoa nikiwa kidato cha tatu, na ninyi mmeirithi kama magodoro ya bweni.

1. Salamu. Mna dakika nne. Mkishamsalimia mwenyekiti, katibu, mtunza muda, majaji, wageni waalikwa na wapishi, nusu dakika imekwenda na maji.

2. Wekeni kipimo mapema. "Muhimu zaidi" ni kilichookoa roho nyingi, kilicholisha wengi, au kile ambacho kikiondoka leo asubuhi mji unasimama? Kila kipimo kina mshindi wake. Ukipima kwa chakula, njoo na mbolea ya Haber na Bosch, ile ya naitrojeni iliyovutwa hewani, ambayo kiwanda chake kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Ukipima kwa bei za Kariakoo, njoo na kontena: mwaka 1956 Malcom McLean alipakia 58 kwenye meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston. Usipoweka kipimo, mpinzani atakuwekea chake.

3. Gurudumu. Haya, tufike kwenye aibu yangu.

Nilikuwa msemaji mkuu. Shati nimelipiga pasi ya mkaa, kola imesimama. Nikapaza sauti: "Nitajieni ustaarabu mmoja, mmoja tu, uliosimama bila gurudumu!" Nikanyamaza ili ukumbi unishangilie. Binti mmoja wa shule ya pili, mwembamba, sweta limemzidi, akanyoosha mkono kuomba kutoa taarifa. Kanuni ziliniruhusu kumkatalia. Nikampungia aseme, kama sultani.

"Wainka," akasema. Akakaa.

Sikuwajua Wainka. Nilidhani ni watu wa Kagera. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Hao hawakuwa na maendeleo."

Akasimama tena. Akaeleza, bila haraka, barabara zao za maelfu ya kilomita katika milima ya Andes, Amerika Kusini, madaraja yaliyosukwa kwa majani, mizigo ikienda kwa llama, mnyama wa mizigo wa huko, na kwa migongo ya watu, mkokoteni hakuna. Akaongeza kwamba Mexico ya kale walifinyanga vinyago vya wanyama vyenye magurudumu, kwa hiyo gurudumu walilijua. Mnyama wa kulivuta ndiye hawakuwa naye. Kisha akanimaliza: "Na dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji, iliyoitajirisha Kilwa, ilifika kwa magurudumu, au kwa matanga na pepo za msimu?"

Ukumbi ukalipuka. Mimi kwetu ni Kilwa. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, kusi na kaskazi nimezijua kabla ya kujua kusoma, na nilikuwa nimesimama mbele ya shule mbili nikitetea tairi. Nilibakiwa na dakika mbili. Nilisema "kwa hiyo, mheshimiwa mwenyekiti" mara saba. Katibu alihesabu, na kwenye muhtasari akaandika. Mtunza muda alipogonga kengele nilimwambia asante, kwenye maiki.

Na kumbe gurudumu linateteka! Ningesema tu: palipokuwa na ng'ombe, punda au farasi wa kulivuta, na njia ya kupita, lilibadilisha kila kitu. Nani angenishika hapo?

4. Msimpe mtu mmoja kazi ya wengi. Watt hakuvumbua injini ya mvuke; ya Newcomen ilikuwa inanyonya maji migodini tangu 1712, yeye aliipunguzia ulafi wa makaa. Kabla ya Gutenberg, Mjerumani anayesifiwa kwa uchapaji, Wakorea walishachapa kitabu kwa herufi za metali mwaka 1377. Na Olduvai yetu, samahani, si ya kwanza kwa zana: zana za mawe za Lomekwi, upande wa Ziwa Turkana, Kenya, zina miaka milioni 3.3.

5. Tafuteni vitu vidogo. Majaji tumechoka na simu. Mimi ningekuja na sindano ya ndui yenye ncha mbili, ile inayoshika tone la chanjo katikati, unachomachoma mkononi mara kumi na tano, basi. Ilitumia chanjo kidogo, na mtu wa kijijini aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa kuambukizwa kawaida, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Hebu mwambie mpinzani apande jukwaani na tairi lake baada ya hapo.

Yule binti wa sweta alikuwa jaji mwenzangu Jumamosi. Gurudumu lilipotajwa hakunitazama. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaigeuza chini.