Maktaba Yako Isiue Programu ya Mwenzako

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, seva yangu ya hesabu inazimika yenyewe. Kwenye logi nakuta 'ERROR: underflow', chini yake 'Default GSL error handler invoked', basi." Sikuhitaji kuona msimbo wake. Alikuwa anaita gsl_sf_exp, funksheni ya kupata e kwa kipeo unachoipa, kwa namba kama -1000. Jibu lake ni dogo kiasi kwamba double, aina ya namba za desimali katika C, haiwezi kulibeba (ndiyo hiyo 'underflow'), yaani kwa kazi yake ni sifuri tu. Seva nzima imekufa kwa sababu ya sifuri!

GSL, maktaba ya hesabu ya mradi wa GNU (maktaba ni mkusanyiko wa funksheni zilizoandikwa tayari), siisemi vibaya, imenilisha. Ila ukiiacha ilivyokuja, hitilafu ikitokea inaandika faili, mstari na sababu, kisha inaita abort, inayoizima programu nzima. Wakati unaandika msimbo hilo linakusaidia, unasimamishwa palepale penye kosa. Kwenye seva inayohudumia watu ni sawa na fundi uliyemwita anyooshe meza, akaona mguu umeoza, akachoma nyumba.

Hili jambo linanigusa. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulikuwa tunaandika maktaba yetu ya C ya kutatua milinganyo. Nikapendekeza kila funksheni irudishe namba ya hali, aliyeiita aamue mwenyewe la kufanya. Mkubwa wangu akanijibu mbele ya wenzangu: "Weka exit, hesabu ikikosea imekosea." Wakaweka exit, amri ya kuizima programu. Mteja akaleta matriksi isiyo na kinyume, moja tu, na kazi za watumiaji wengine wote zikaanguka nayo. Waliponipigia simu nilikuwa nimeshaondoka. Niliwasaidia, ndiyo, lakini yale maneno sijayasahau, na muundo wanaoutumia leo ni ule ule nilioupendekeza.

Kwa hiyo nisikilizeni. Maktaba inaripoti, mwenye programu anaamua. Jibu la hesabu lipite kwenye kielekezi (anwani ya mahali pa kuliandika), namba ya hali irudi kama int, yaani namba kamili, 0 ikiwa salama. Tenganisha kosa la aliyeita na kosa la namba zenyewe. LAPACK, maktaba ya hesabu za matriksi, walishalifanya zamani: INFO, namba yao ya hali, ikiwa hasi, mfano -3, hoja ya tatu uliyoileta (thamani unayoipa funksheni) ni mbovu, ikiwa chanya, hoja ni sahihi ila hesabu imegoma. Kwenye dgesv, funksheni yao ya kutatua milinganyo, INFO ya 2 maana yake namba ya pili kwenye ulalo wa U (matriksi ya pembetatu inayopatikana kwa kuivunja yako) ni sifuri kamili, hakuna suluhisho la kukupa. CVODE ya mkusanyiko wa SUNDIALS, inayotatua milinganyo tofautishi hatua kwa hatua, imekwenda mbali zaidi. Funksheni yako uliyoipa ikirudisha namba chanya, inapunguza hatua na kujaribu tena. Ikirudisha hasi, inaacha. Huo ndio ustaarabu.

Anayetaka kupigiwa kelele hitilafu ikitokea mpe nafasi ya kusajili funksheni yake, lakini iweke ndani ya struct ya muktadha (kifurushi cha data cha kila mtumiaji) pamoja na void * yake, kielekezi cha data yake mwenyewe. Usiiweke kwenye kigeu cha programu nzima. GSL wana funksheni ya hitilafu moja tu kwa wote. gsl_set_error_handler inakurudishia ya zamani uirejeshe, sawa, ila nyuzi mbili (sehemu za programu zinazokwenda sambamba) zikibadilishana kwa wakati mmoja utajuta.

Kijana wangu nimemwambia aite gsl_set_error_handler_off, inayozima ile abort, mwanzoni mwa main, kisha atumie gsl_sf_exp_e, inayorudisha namba ya hali. Ikirudi GSL_EUNDRFLW, namba ya hali ya underflow, achukue sifuri aendelee. Namba nyingine yoyote isiyo 0, amwambie mtumiaji. Ole wake azime halafu asikague! Hapo gsl_sf_log (logariti) ya -1 itampa NaN, yaani "si namba", kimyakimya, NaN ile itaingia kwenye jumla, na jumla kwenye ripoti ya bosi. Wavivu wa kukagua ndio wanaotuharibia jina.

Na kabla ya kurudisha hitilafu, achilia kumbukumbu uliyoishika. Ndiyo maana siwashauri longjmp, mruko wa kutoka funksheni moja hadi nyingine: inaruka juu ya kila free (amri ya kuachilia kumbukumbu) uliyoiandika. Mimi naweka lebo moja chini ya funksheni, "safisha:", na kila tatizo linakwenda huko kwa goto, amri ya kuruka hadi kwenye lebo. Wanaosema goto ni haramu waje watuonyeshe njia yao katika C, matriksi tatu zikiwa zimeshapata kumbukumbu na malloc ya nne, ya kuomba kumbukumbu, imerudisha NULL, yaani imekosa.