Kabla ya kulaumu LUKU, fungua mashine

Mwanzoni nilisaga mahindi nikiamini kabisa kwamba LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inaniibia. Nanunua umeme asubuhi, jioni LUKU inalia. Fundi mmoja akanishauri niweke mota kubwa zaidi, na nilikaribia kumsikiliza.

Kilichoniokoa ni daftari. Kila siku naandika uniti zilizotumika na magunia yaliyosagwa, kisha nagawanya uniti kwa magunia. Anza na hilo, ndugu yangu, kwa sababu matumizi yakipanda kwa kuwa wateja wameongezeka, hiyo ni heri. Uniti kwa gunia zikipanda, mashine inaumwa.

Yangu iliumwa. Tulizima swichi kubwa, tukafungua kifuniko, tukakuta nyundo, vile vipande vya chuma vinavyozunguka na kupasua punje, zimelika kona hadi zimeviringana kama ncha ya kidole gumba. Nyundo ya hivyo haipasui punje, inaisukumasukuma tu. Mahindi yanazunguka ndani na mota inaendelea kula umeme. Nyundo nyingi za bapa zina kona nne, kwa hiyo ukizigeuza unapata makali mapya bila kutoa hela. Zigeuze zote siku moja. Ukinunua mpya, zinazotazamana ziwe na uzito sawa, la sivyo mtikisiko utaua beringi.

Mfuko wa kitambaa wa kutolea hewa ndio unaosahaulika kuliko vyote. Unga laini ukiuziba, hewa haipiti, na unga uliokwisha kuwa tayari unabaki ndani ukisagwa tena na tena. Sisi tunaukung'uta kila jioni. Mkanda nao ukilegea unateleza kwenye puli, utasikia harufu ya mpira kuungua.

Halafu unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka maji kwenye mahindi yasizidi asilimia 13.5. Yakiwa mabichi yanaziba chekeche na kuchelewesha kazi, na mota ya kilowati 15 ikibeba mzigo kamili inakula uniti 15 na zaidi kwa saa. Kumrudisha mteja kunauma, hasa mama aliyetembea na debe kichwani. Namwambia, "Mama, yaanike kwanza, unga wako nao hautaoza." Wengi hurudi.

Na siku hizi siwashi kwa debe moja. Wateja wanakaa kwenye benchi kidogo, foleni ikifika watu watano au sita, ndipo mashine inaunguruma.