Kunguru wa Zanzibar: sumu kwenye dagaa haichagui

SWALI: Kunguru wamenimalizia vifaranga, na shore na chozi waliozoea mwembe wangu siku hizi siwaoni. Jirani ananishauri nitie sumu kwenye dagaa niwatupie. Nifanyeje?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Sumu hapana. Watakaoila ni paka, mbwa na kuku wako mwenyewe, kisha mwewe atakula mizoga.

Kwanza mtambue. Kunguru wetu wa asili ana kifua na ukosi mweupe, huyo mwache. Mgeni, huyo tunayemwita kunguru wa Zanzibar, ana shingo ya kijivu. Kwao ni Bara Hindi, akaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na taka zetu ndizo zilizomweneza pwani nzima. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na wakiwa kundi humkimbiza hata mwewe.

Pita kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, kisha jenga kizimba cha mbao na waya wa kuku, mita 2 kila upande. Katikati ya paa laza ngazi yenye nafasi za sentimita 15 hivi kati ya vipandio. Kunguru hukunja mabawa akajitumbukiza. Akitaka kuruka atoke lazima ayakunjue, nayo hugota kwenye vipandio. Weka matumbo ya samaki, ila chambo hasa ni kunguru wenzake: bakiza 4 hai ndani, wenye maji, kivuli na kijiti cha kutulia.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wananasa kumi siku ya kwanza, wanawaua palepale mchana kweupe. Waliokaa juu ya mnazi wameona kila kitu, na hawatashuka tena. Watoe usiku, ukawaulie mbali na mtego. Kagua asubuhi na jioni, ukikuta njiwa au kunguru wa kifua cheupe mfungulie.

Kiota kitupu usihangaike nacho, watajenga kingine wiki hiyohiyo. Ngoja jike aatamie (huchukua siku 16 au 17) ndipo ukiangushe, na urudi kukagua kila baada ya wiki 2. Angalia mikono, kiota huwa na vipande vya waya.

Vifaranga wakae kwenye tenga au banda lenye wavu juu, si pembeni tu, hadi wafikishe wiki 8.

Na ukitoka na samaki soko la Deep Sea, matumbo yafukie. Ndoo ikibaki wazi uani, kunguru hana haja ya kuingia kizimbani kwako.