Insha ya IELTS kuhusu hewa chafu: punguzeni maneno makubwa

Juzi dada mmoja nesi kanitumia insha yake WhatsApp niipitie, anataka kwenda Uingereza na manesi kule wanaombwa 6.5 ya writing kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Mada, uchafuzi wa hewa. Jamani! Mstari wa kwanza "air pollutions", wa pili "deleterious" (yani yenye madhara tu), halafu eti "carbon dioxide" ndo inaua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Nikamuuliza, dada, wodini mgonjwa wa jiko la mkaa mnasema kavuta gesi gani? Akajibu fasta, kaboni monoksaidi. Sasa mbona umeandika nyingine?

Yani kitu anakijua kuliko hata mtahini, ila akishika kalamu anakimbilia msamiati wa kukariri. Na najua unatoka wapi huo ugonjwa. Mimi mwalimu wangu wa tuisheni alinicheka mbele ya darasa zima kisa nimeandika "smoke", eti neno la chekechea. Nikakaza hivyo hivyo, writing nikapata 7.5, na natamani angeiona ile karatasi.

Sikilizeni. Neno likaririni na wenzake. Daladala ikipanda Kimara inatema moshi mweusi, hizo ni "exhaust fumes", na gari lina-"emit" fumes, fumes ndo zina-"pollute" hewa, ukichanganya hapo mtahini anakuona. "Pollution" haina wingi, ukitaka kuhesabu sema "pollutants". Vumbi nalo ni "dust", hakuna "dusts". Na "smog" msiirushe kila penye moshi, ile ya London Desemba 1952 ilikuwa smog kweli maana moshi wa makaa ya mawe ulinasa kwenye ukungu siku kadhaa watu hawaoni hata njia, sasa wewe jirani kachoma takataka nyuma ya nyumba unaita smog?

Msamiati ni robo ya alama za writing, sawa, lakini wanaangalia umetumia neno mahali pake, hawapimi urefu wake. Task 2, yani hiyo insha, una dakika 40 na maneno yasiyopungua 250, muda wa kujionyesha unautoa wapi? Mnapenda sana kuonekana wasomi, ndo tatizo letu.

Eeh, na ozone. Ya juu kule inatukinga na jua, ya huku chini inaumiza mapafu, kwa hiyo ukiilaumu andika "ground-level ozone".